Zipora Huonja Kwanza

Matumbo ya mtaa wa Miyuji, Dodoma, yamo mikononi mwa mwanamke mmoja. Jina lake Zipora, wateja humwita Mama Elisha, na kwa miaka kumi na tisa amewafungulia choo watu ambao kanisani hukaa viti vya mbele.

Dawa yake ni shubiri. Siyo ile ya kwenye makopo ya madukani, yenye picha ya msichana anayecheka peke yake. Hii ni ya porini, ya kwenye majabali, yenye miiba. Huikata alfajiri, huyasimamisha majani ndani ya beseni, palipokatwa pakiangalia chini, na kuyaacha majimaji ya njano yachuruzike. Huyachemsha mpaka yawe meusi kama lami, huyazimua kwa maji, kisha huyatia kwenye chupa za soda. Ukinywa usiku, asubuhi usipange kikao.

Zamani wateja wake walikuwa wachache, maana mla ugali na mlenda hana sababu ya kugombana na choo. Kisha serikali ikahamia Dodoma. Maofisa wakaja na mafaili, na vitambi vyao vikafuata nyuma. Mchana chipsi mayai, jioni mbuzi wa kuchoma, kutwa nzima kiti cha kuzunguka. Kufika Ijumaa, nusu ya ofisi imeziba. Shubiri ikaezeka nyumba ya Zipora, na ikawa inawalisha wajukuu watatu ambao Elisha aliwaleta kutoka Chemba "kwa wiki mbili tu, mama," mwaka juzi.

Tatizo lilikuwa desturi. Kwao Ugogoni, mwenye pombe huionja kwanza mbele ya wageni, waone hakuwatilia kitu. Mama yake Zipora alikuwa mpika pombe hodari. Zipora akaichukua adabu ile ya pombe, akaihamishia kwenye dawa ya kuharisha. Kila mteja, yeye kwanza, funda moja, kisha anafunua mdomo kama mtoto kuonyesha amemeza. Wateja wakapenda. Hata Waislamu wa Kondoa, ambao pombe hawaigusi, wakawa hawanunui mpaka waone koo lake limepanda na kushuka.

Miaka ya mwanzo alikimbia chooni mpaka njia ikachimbika. Baadaye mwili ukazoea. Baadaye zaidi, bila shubiri haukutoa kitu kabisa. Mwezi uliopita miguu ilimkaza akiwa kwenye majabali, moyo ukaanza kurukaruka, akabebwa hospitali na panga lake mkononi.

"Shikamoo mama," daktari alisema. Alikuwa binti aitwaye Naima, mdogo kuliko Elisha. "Unatumia dawa gani?"

"Marahaba. Mimi situmii dawa. Nauza."

Akaeleza. Naima akaweka kalamu chini.

"Mama, yale majimaji ya njano yana kitu kinaitwa aloini. Ndicho uchungu wenyewe, na ndicho kinachouchapa utumbo usukume. Wewe umeuchapa miaka kumi na tisa. Sasa hauendi bila kiboko, na chumvi za mwili zinatoka zote na choo. Ndiyo maana misuli inakaza. Ukiendelea, siku moja moyo utasimama."

"Basi niache kuuza?"

"Acha kunywa kwanza."

"Mwanangu, hicho ni kitu kimoja."

Jumatatu akarudi kibandani. Wa kwanza kufika alikuwa Batholomeo, ofisa manunuzi, mwenye mkanda uliochoka.

"Mbukwa, Mama Elisha!" akamsalimu Kigogo. "Nipe ile kali."

Zipora akamjazia kikombe. Batholomeo akasubiri. Zipora naye akasubiri.

"Mbona huonji?"

"Leo nimefunga."

"Umefunga kunywa, hujafunga kuuza?" Akakirudisha kikombe. "Hapana mama. Mimi nina maadui ofisini."

Kufikia Alhamisi mtaa mzima ulijua kwamba Zipora ameanza kuwekea watu sumu. Chupa zilisimama mezani zote, zimejaa. Nyumbani unga ulibaki wa kukwangua chini ya debe, na mjukuu mdogo akauliza kama leo nao wamefunga.

Jumamosi Zipora akaamua kusema kweli. Akasimama mbele ya kibanda, akawaita wapita njia, akawaambia yote: miguu, moyo, utumbo uliogoma, maneno ya daktari. "Sionji kwa sababu dawa hii imeniua nusu," akamaliza.

Kisha Batholomeo, aliyesimama nyuma akijifanya ananunua vocha, akajipiga kofi pajani.

"Mnasikia? Imelegeza mpaka utumbo wa mwenyewe! Hii ndiyo dawa, siyo yale maji ya sukari ya mjini!"

"Kumbe ni kali hivyo?" akauliza mama mmoja, tayari anafungua pochi.

"Sijasema ni nzuri!" Zipora akapaza sauti. "Nasema inaua!"

"Tumekuelewa, mama. Nipe mbili."

Foleni ikafika barabarani. Zipora akaitazama, akapiga hesabu ya unga. Batholomeo, kwa kuwa ni mtu wa ofisi, alikuwa mbele. Akajaziwa kikombe, akakipokea, kisha akamsogezea Zipora kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Ila onja kwanza, mama. Utaratibu ni utaratibu."

Zipora akakishika. Watu kumi na moja walikuwa wanaliangalia koo lake. Akanywa, akafunua mdomo, wakaona hamna kitu.

"Mzima kabisa," Batholomeo akawaambia wenzake. "Haya, anayefuata."