Marudio ya Sabina

Sabina Wambura analima mahindi na maboga nyuma ya nyumba yake huko Buhemba, na shamba hilo ndilo linalolisha wajukuu wake. Udongo wake ni mgumu. Shemeji yake Stanislausi, anayeosha dhahabu, alikuwa akimletea bure mchanga unaobaki baada ya kuosha, ule ambao wachimbaji huuita marudio. Sabina aliumwaga shambani kwa sababu ni laini kwa jembe.

Mahindi yalipofika magotini yakawa ya njano. Akaongeza samadi. Yakazidi kuwa ya njano.

"Shemeji, mahindi yako yana njaa," Stanislausi alimtania.

"Njaa gani? Yanakulaga kuliko wewe."

Bwana shamba alipokuja aling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa mifupi, ya kahawia, haina vinyweleo. Alieleza kwamba marudio huwa na zebaki na madini ya risasi, na sumu hizo huharibu vinyweleo ambavyo mmea hunyonyea chakula. Samadi ilikuwepo, ila mahindi hayakuwa na mdomo wa kuilia.

"Na majani ya maboga? Watoto wanayala."

"Msiyale tena, mama. Mizizi inayoshindwa kunyonya chakula inaweza kunyonya sumu."

Sabina aling'oa maboga yote siku hiyohiyo. Kesho yake Stanislausi alifika na toroli limejaa mchanga, akamkuta amesimama njiani na jembe.

"Si mnayaita marudio, shemeji?" alisema. "Basi yarudishe."