Michikichi Ndani ya Ukuta

Merina hakuupenda mji, wala hakujisumbua kuficha. Alipoolewa Buzebazeba, nyumba zilikuwa moja moja na michikichi ilikuwa haina idadi. Ujiji ilikuwa kule na wazee wake wa kanzu, Kigoma ilikuwa huku na kelele za stesheni na bandari, na katikati walikaa watu wa jembe na mawese ambao hakuna aliyewaulizia. Halafu pande hizo mbili zikaanza kutafutana. Nyumba zikasogea mwaka hadi mwaka, mpaka Merina akajikuta anaitwa mtu wa mjini bila kuhama hata hatua moja.

Mumewe, Amuri, alipofariki, aliuza shamba kipande kwa kipande ili asomeshe watoto. Aliuza kama walivyouza wakubwa wa pale: udongo ni wako, michikichi ni yangu. Hayo yalikuwa ya mdomo, na mdomo ulitosha. Aliyenunua alijenga. Mwenye miti alikuja na kamba na panga, akakwea, akaangusha mikungu, akamwachia mwenye nyumba chikichi za kuungia mboga, wakaagana. Ndivyo alivyopata mawese ya kuuza, akiingia yadi za watu kama anayepita chumba hadi chumba nyumbani kwake.

Hata uani kwake, nyuma ya jiko, kulikuwa na mchikichi mmoja usio wake. Ulikuwa wa Mzee Ngendakumana, aliyewauzia yeye na Amuri mahali pa kujenga. Mkungu ukiiva, mzee alikuja akaukata, akaacha fungu la Merina, akanywa uji, akaenda zake.

Kisha ziwa likafura. Likameza nyumba za Katonga, na wenyewe wakapanda juu kutafuta viwanja, wamejaa hasira. Mmoja wao alikuwa Eliakimu, mchuuzi wa dagaa. Alinunua kiwanja kwa mtu ambaye naye alikuwa amenunua kwa Merina, na humo ndimo ilimosimama michikichi sita iliyokuwa ikimlisha. Ile mingine ilishazeeka. Mtu alikwea, akashuka na mkungu mmoja wa aibu.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyesema hivyo hakupata jirani kama Eliakimu. Kabla hata ya kuezeka nyumba alizungusha ukuta, na juu yake akapanga vipande vya chupa. Merina akaenda kugonga geti.

"Hodi! Nimefuata michikichi yangu."

"Michikichi yako iko kwako, mama. Hapa ni kwangu."

"Muulize aliyekuuzia, we kijana."

"Kahamia Kasulu. Mama, ziwa limeshaniingilia mpaka kitandani. Wewe huniingilii."

"Bora ungezama nalo!"

Halikuwa neno zuri, na majirani walilisikia. Lakini Merina hakuwa mtu wa kumeza neno likishafika mdomoni.

Shauri likapelekwa kwa Leonardi, mwenyekiti wa mtaa. Alisikiliza huku akitazama simu, kisha akasema mwenye kiwanja ndiye mwenye vilivyomo. "Huu ni mji sasa. Habari za kukwea kwenye yadi za watu tuziache." Waliokaa kwenye mabenchi waliitikia kwa vichwa, maana wengi wao walikuwa na michikichi ya wenzao uani. Aliyesimama kumtetea alikuwa Mzee Ngendakumana peke yake. "Mwananje ameonewa," alisema, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao. Wakamwambia akae.

Asubuhi iliyofuata msumeno ukanguruma ndani ya ukuta. Merina alisimama njiani, akasikia miti yake ikianguka mmoja baada ya mwingine, asiione. Alilia kwa hasira, na hakutaka mtu amshike mkono. Wateja wake wa mawese walimngoja kidogo, kisha wakahamia kwa wengine.

Mkungu wa nyuma ya jiko ukaanza kuwa mwekundu. Merina aliutazama akiosha vyombo, akautazama akipika, na siku moja akamlipa mkwezi wa Ujiji. Jioni hiyo alifunga geti lake la bati kwa kufuli, yeye aliyekuwa hajawahi kuwa na kufuli.

Mzee alifika akiwa na kamba begani. "Mwananje, nifungulie. Nadhani umeiva."

Merina hakumwamkia. "Nimeshaukata."

"Umekata mti?"

"Mkungu. Mti ni wangu. Ulikuwepo mwenyekiti aliposema mwenye kiwanja ndiye mwenye vilivyomo."

Alimngoja amtukane, na majibu alikuwa nayo tele, ameyapanga tangu asubuhi. Mzee hakutukana. Aliikunja kamba taratibu, akaining'iniza kwenye geti kwa upande wa nje.

"Basi itakufaa wewe," alisema. "Mimi sina tena pa kukwea."

Akaondoka. Merina akabaki akiichungulia ile kamba kwenye upenyo wa bati. Iling'aa kwa mafuta ya mikono ya yule mzee. Aibu ikampanda, na kama kawaida yake ikageuka hasira. Akafungua kufuli, akaivuta ndani upesi kabla majirani hawajaiona, akafunga tena.