Miti ya Kwenye Kalenda

Chekeni tu, mimi mwenyewe nilishacheka mpaka kicheko kikaniishia, nikabaki na uchungu.

Nilikuwa afisa uhusiano wa kampuni ya malori, haya haya yanayopita barabara ya Rusumo yakitufukiza moshi mpaka nguo za kwenye kamba zinanuka dizeli, na mkurugenzi wetu akaamua kwamba sasa tunarudisha kwa jamii (maneno yake hayo), hivyo tutapanda miparachichi juu ya chemchemi ya Kirushya, kijijini kwetu, kwa sababu maji yalikuwa yanapungua. Mteremko wenyewe ni shamba la shangazi yangu Domitila. Nilikwenda kumwomba mimi, akakubali, na kwa kuwa sherehe haikungoja mavuno, aling'oa maharage yake yakiwa na maua.

"Maharage nitapanda tena, mwanangu," aliniambia. "Maji siwezi kuyapanda."

Asubuhi ya sherehe dereva akapiga simu: gari la miche limekufa Lusahunga. Gari la kampuni ya malori, mnasikia? Ningemwambia mkurugenzi tuahirishe, yangekwisha. Lakini alikuwa ameshafika Ngara mjini, mahema yamefungwa, kwaya imevaa sare, na mimi nilikuwa naiogopa kazi yangu kuliko Mungu, basi nikachukua panga, nikaingia kwenye miparachichi ya baba, nikakata matawi yenye majani mazuri, nikayachomeka kwenye mashimo na kuyashindilia udongo kabla watu hawajafika. (Nilijiambia jioni miche ikija nitabadilisha. Mwongo huanza kujidanganya mwenyewe.) Wanakijiji nikawapanga chini kwenye mahema, mbali, eti wasikanyage miche.

Mambo yakaenda vizuri. Mkurugenzi akahutubia kuhusu mazingira endelevu, akapanda mti niliomwandalia, akaumwagilia, akapigwa picha. Kisha akalitazama bango lenye jina la kampuni.

"Mti wangu uko mbali na bango. Tuusogeze kidogo."

"Bosi, mti ukishapandwa hausogezwi, utakufa," nikasema.

"Ndiyo kwanza umepandwa," akasema, akainama, akauvuta mwenyewe.

Ukatoka bila taabu. Chini hakuna mzizi hata mmoja, ni ncha nyeupe iliyokatwa mshazari kwa panga. Mpiga picha akashusha kamera. Na kwaya, ambayo nilikuwa nimeiagiza ianze mara mkurugenzi atakaposhika mti kwa mara ya pili, kwa picha ya mwisho, ikaanza kuimba, ikaimba beti zote.

Shangazi alipanda mteremko wakati wanaimba. Hakunigombeza. Alipita mstari kwa mstari akiyang'oa matawi yangu kwa mkono mmoja, vile vile wanawake wanavyong'oa maharage, watu wote wakimtazama, akayafunga mzigo, akaja kusimama mbele yangu.

"Haya yangefaa kuegemezea maharage," akasema. "Ila sina."

Nilitamani ardhi inimeze, haikunitaka. Kazi niliyoiogopea nilifukuzwa jioni ile ile. Gari lilipotengenezwa nikampigia aliyechukua nafasi yangu, nikamsihi miche iletwe hata bila sherehe, akanijibu kwamba imepelekwa kwenye sherehe nyingine Biharamulo, kwa maana Kirushya tayari wamepanda na picha ipo.

Picha ipo kweli. Waliitia kwenye kalenda ya kampuni, mkurugenzi anamwagilia tawi la baba yangu huku anatabasamu, na kalenda zikagawiwa mpaka kijijini. Shangazi ameitundika sebuleni, mkabala na kiti ninachokalia.

Nimeapa sitachomeka tena kitu ardhini ili mtu apigwe picha, ila kiapo hakirudishi maji, na ndoo pale chemchemi sasa zinapangwa foleni. Nikienda kumsalimu naamkia, "Shikamoo, shangazi," anaitikia marahaba, ananiwekea ndizi tupu kwenye sahani. Siku moja nilijisahau nikauliza maharage yako wapi.

Akanionyesha kalenda kwa kidole. "Yako pale," akasema. "Kula."