Siku Washenga Walipolishwa Mkunga

Ninyi wenzangu mliokua Iringa enzi za mkoloni, mnakumbuka tulivyotaniwa sisi wa nyumba ya mvuvi wa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka? Baba alitega migono, yale makapu marefu ya matete, katikati ya mawe ya mto Ruaha Mdogo. Mikunga aliowatoa walikuwa wanene kama mkono wa mwanamume, na wanateleza kama mlenda. Mama aliwakausha kwa moshi, baba akawapakia kwenye baiskeli hadi mjini, ambako Wagiriki wa mashamba ya tumbaku waliwagombania.

Kijijini hakuna aliyewagusa. Shuleni tuliitwa watoto wa nyoka, na nilipofungua chakula changu, benchi zima lilibaki langu. Raha iliyoje!

Balaa lilikuja dada yangu Veronika alipochumbiwa. Baba wa mchumba, Mzee Lukas, alitangaza nje ya kanisa kwamba mwanawe haoi kwa wala nyoka. Dada akalia hadi macho yakavimba. Kijana naye akang'ang'ania, mpaka mzee akakubali kuja na washenga, "kutazama tu."

Mwaka ule kideri kilikuwa kimetumalizia kuku. Mama akapika alichokuwa nacho: mkunga mkavu wa karanga, na ugali.

"Ale kwanza," alisema. "Jina ataliuliza baadaye."

Mzee Lukas alikula mpaka pua ikatoa jasho. "Kambale huyu mnono, mama. Mmemtoa wapi?"

Baba, ambaye uongo ulimshinda maisha yake yote, akajibu, "Si kambale, mkwe. Ni yule nyoka wetu."

Tonge likasimama hewani. Mzee akalitazama, akamtazama mwanawe, akalitazama tena.

"Ana mapezi?"

"Anayo."

"Basi ni samaki," akasema, akalimeza. "Mkia umebaki?"

Veronika aliolewa baada ya mavuno, na harusini mikunga waliisha kabla ya nyama.

Siku hizi wajukuu zangu wanakula soseji bila kuuliza ni mnyama gani, lakini dagaa akiwatazama wanakimbia. Juzi sokoni Iringa nilimuuliza kijana muuza samaki kama ana mkunga. Akaweka simu chini kwa heshima zote.

"Shikamoo bibi. Wakunga wako hospitali, wodi ya wazazi. Nani kashikwa na uchungu?"

Nilicheka mpaka nikashikilia meza yake. Kisha nikatafuta wa kumsimulia. Baba, mama, Mzee Lukas, hata Veronika, wote wametangulia. Nikanunua sato, nikarudi nyumbani.