Fahali wetu alishinda, baba mdogo akaanguka: tulivyomlaumu jirani bure tangu uhuru

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, simu hii nimefundishwa na binti yangu, typos mnisamehe. Sikuhadithiwa haya, nilikuwepo.

Ilikuwa mwaka ule wa uhuru.

Kwetu, asubuhi ya fahali kupigana hakuna anayelala. Baba mdogo Lihanda ndiye alikuwa anacheza ngoma yetu ya isukuti mbele ya fahali wetu mpaka uwanjani. Alikuwa na miguu huyo mtu! Kijiji kizima nyuma yake, firimbi, matawi juu.

Njiani akashika kifua, akaniambia akicheka, "Huu moyo unanirukanga. Unakimbia peke yake, halafu unatulia."

Nikacheka pia. Nilijua nini mimi?

Fahali wetu akakutana na wa jirani yetu, Mzee Shivachi. Wakuu, lile pambano! Pembe kwa pembe, vumbi tupu, kisha yule wa Shivachi akageuka na kutoroka. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Lihanda akakimbia kuzunguka uwanja, mara akaanguka kifudifudi. Fahali hata hawakuwa karibu naye.

Alikuwa amekufa.

Sasa huku watu huamini fahali hupewa dawa za uchawi, na mwenye kushindwa hushukiwa haraka. Nyanya yangu alisema palepale, "Shivachi ameshindwa kwa ng'ombe, amelipiza kwa mtoto wangu."

Basi. Hakuna salamu tena, hakuna kuoana, hata kisimani tulichota kwa zamu. Mwanawe, Ingosi, tulikuwa dawati moja shuleni. Nikahama dawati.

Fast forward, mwaka jana. Moyo wangu ukaanza kuruka vilevile, nikazimia shambani. Hospitali wakanifanyia ECG, kipimo cha mapigo, na picha ya moyo. Daktari, msichana mdogo tu, akauliza, "Mzee, kwenu kuna mtu alianguka tu akafa?"

Nikamsimulia. Akaeleza kwamba misuli ya moyo wangu imekuwa minene, kwamba ugonjwa huu hurithiwa, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Kuna uwezekano mkubwa hicho ndicho kilimuua Lihanda.

Niliruka kutoka kitandani, nesi akanirudisha. Hakurogwa!

Nimewekewa kifaa cha kuushtua moyo ukivurugika. Watoto wangu wote wamepimwa. Huyu binti wa simu anao ugonjwa huu pia, anameza dawa na yuko sawa. Furaha yangu siwezi kuieleza.

Siku ya kutoka sikupitia nyumbani, nilienda moja kwa moja kwa Ingosi. Nikamweleza yote mlangoni na kumwomba msamaha. Akasema, "Baba alikufa akisema hakuroga mtu. Hata sisi watoto wake hatukumwamini."

Tulilia, wazee wawili.

Wakuu, kama kwenu watu huanguka ghafla, pimeni moyo kabla ya kutafuta mchawi. Na kwenu nani alibebeshwa lawama hivi? Andikeni, nitasoma zote.

Jumamosi mimi na Ingosi tunaenda kuona fahali. Daktari amekataza kukimbia, kwa hivyo tutabeba viti.