Jiwe la Mpaka wa Vettia

Mpaka leo nikisikia watu wakimsifu Jemadari kwamba aliwapa askari wake mashamba, natamani kutema mate. Aliwapa! Aliyatoa wapi? Moja lilikuwa la Vettia, jirani yangu, na lilipochukuliwa nilikuwepo.

Vettia alikuwa mjane mwenye mdomo mkali. Mumewe alimwachia mizeituni, mizinga ya nyuki na mtoto mmoja wa kiume, Numerius. Kati ya shamba lake na langu lilisimama jiwe la mpaka. Kila mwaka baridi ikianza kulegea tulikutana hapo, yeye upande wake, mimi wangu. Tulilivika jiwe shada la maua, tukalimwagia asali na damu ya mwanakondoo, na kila mwenye shamba akasema maneno tuliyoachiwa na mababu. Halafu tulikula na kutaniana.

"Ofilius, asali yako mwaka huu maji matupu," alizoea kusema. "Mungu wa mpaka ataharisha."

Numerius alikwenda jeshini. Jemadari alipovuka mto na majeshi yake kuishukia Roma, jambo lililokatazwa na sheria tangu zamani, kijana alivuka naye. Wazee wa Baraza, waliotakiwa kumzuia, walikimbia na vyombo vyao vya fedha. Waliobaki walipiga makofi. Sijui nani kati yao ananikera zaidi.

Vita vilipokwisha Numerius alirudi kifua mbele.

"Mama, jamhuri yenyewe ilikuwa ya matajiri. Sisi ilitupa nini?"

"Ilinipa lile jiwe," Vettia alimjibu. "Mtu akilisogeza, namshtaki. Huyo bwana wako akilisogeza, nimshtaki kwa nani?"

"Acha wasiwasi. Jemadari hasahau watu wake."

Muda mfupi baada ya sikukuu ya jiwe, wapimaji wa ardhi wa Jemadari wakaja na kamba zao. Kamba ikaishia kwenye jiwe letu. Upande wangu ukapona, wa Vettia ukachukuliwa. Hakuna aliyetueleza kwa nini.

"Mwanangu ni askari wa Jemadari!" Vettia alipiga kelele.

"Na huyu anayepewa hapa ni askari pia, mama. Mwanao amepata lake, huko kusini."

Aliyepewa aliitwa Plotius, mtu mzima anayechechemea. Numerius alifoka kidogo mbele ya wapimaji, akanyamaza. Ule unyamavu wake sijausamehe.

"Twende kwangu, mama," akasema. "Kule ni kukubwa kuliko hapa."

Vettia akaenda naye. Nilijua ndiyo basi. Haukupita muda nikamwona anarudi kwa miguu, vumbi hadi magotini.

"Kulikoni? Shamba bovu?"

"Zuri mno. Mpakani kuna jiwe, Ofilius. Lina shada lililonyauka, na asali bado inanata. Kuna mwanamke mwenzangu aliimwaga pale. Nikale zeituni zake?"

"Numerius anasemaje?"

"Anasema nitazoea."

Nilimwomba akae kwangu. Akakataa.

"Nikae hapa niangalie miti yangu inakatwa ovyo? Bora niikate mwenyewe."

Akaenda kwa Plotius kuomba kibarua, akapewa. Ndivyo alivyokuwa akichuma zeituni kwenye miti aliyoipanda mumewe na kumpelekea mtu mwingine vikapu vilivyojaa. Plotius hakuwa mbaya, alimwamkia kila asubuhi kwa heshima, na hilo lilizidi kunichoma. Ningependa awe mbaya nimchukie vizuri.

Sikukuu ya jiwe ikarudi. Plotius akaja na shada, na asali ya mizinga ya Vettia. Vettia mwenyewe alikuwa nyuma yake, amembebea kikapu. Nikasema maneno yangu, nikamaliza. Zamu ikawa ya Plotius. Jasho likamtoka. Alipovuka ule mto kinyume cha sheria hakuogopa, lakini anayelikosea jiwe la mpaka hulaaniwa, yeye na ng'ombe wake, na hilo hata askari analijua.

"Mama Vettia," akasema polepole, "naomba unifundishe maneno."

Vettia akaweka kikapu chini. Yale maneno angeweza kuyasema usingizini.

"Siyajui."

"Lakini si umekuwa ukiyasema hapahapa miaka yote?"

"Yanasemwa na mwenye shamba. Mimi hapa nina shamba gani?"

Plotius akanigeukia mimi, macho yananiomba. Nilikuwa nimetoka kuyasema sasa hivi, naye amesimama palepale ananisikiliza.

"Hata mimi siyajui," nikamwambia.

Akamwaga asali bila yale maneno. Vettia akachukua kisu chake, akarudi kupogoa mizeituni ya mtu.