Nilivyoiaga Jumuiya Nikiwa Mzima

Hedhi yangu ilianza kuruka miezi nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Mchana kweupe moto ulinipanda kifuani hadi usoni, jasho likanichuruzika. Miaka ile ya tisini, sisi wa Shanwe jasho la namna hiyo tulilipa jina moja: ukimwi.

Kwa hofu, nikasimama kwenye sala ya jumuiya kama marehemu mtarajiwa, nikaeleza moto ule na jasho lake. Nikamkabidhi wifi yangu watoto, nikamsamehe mume wangu mbele ya majirani kwa kuniletea kifo.

"Mama Sofia, moto huo unapanda halafu unapoa?" akauliza jirani yetu, nesi.

"Ndiyo."

"Mwenzangu, hedhi inaelekea kukoma! Vaa nguo nyepesi, punguza chai ya moto. Kesho njoo zahanati tukupime, utoe wasiwasi."

Majirani wakaangua kicheko. Mume wangu hakucheka. Alikuwa ameshapiga magoti kuniomba msamaha.